Mstari wa Tisa

Leokadia Kiyeyeu hakubisha hodi.
Aliingia kiwandani kwetu Miyomboni na baridi ya Julai mgongoni,
koti la marehemu kaka yake, sigara isiyo na kichungi,
akaniwekea mezani karatasi nne zilizolowa umande wa Mufindi.
"Panga hivi hivi. Hata nukta usiiguse."

Habari ilikuwa ya mizani.
Mizani ya chai, ambayo kila jioni
ilisahau kilo mbili katika kila kapu,
na mama mmoja aliyezihesabu kwa mafundo
kwenye uzi wa mkonge, miaka sita,
akausafirisha uzi ule hadi Iringa ili mhariri auone.
Mhariri hakuuona. Bahasha ilikuwa imemfikia kabla ya uzi.

Hilo lilikuwa gazeti lake la tatu.
La kwanza lilimfukuza kwa kumuuliza mkuu wa wilaya swali moja mara nne.
La pili, kwa kurudisha bahasha katikati ya hotuba,
akihesabu noti moja moja kwenye kipaza sauti.
La tatu aliliacha mwenyewe. Akauza cherehani
akaja kwetu, wachapaji wa kadi za harusi na risiti za ushirika,
kutaka nakala mia tatu.

Mimi nilikuwa mpanga herufi.
Herufi za risasi, kichwa chini miguu juu,
kutoka kulia kwenda kushoto.
"Risasi ni risasi," aliniambia,
"inategemea tu unaielekeza wapi."
Nikacheka. Nilikuwa na watoto watatu
na kiwanja cha Kihesa nisichomaliza kukilipia.

Usiku ule, mstari wa tisa,
wenye jina la meneja,
niliutoa kwa kibano. Herufi kumi na nne.
Nikairudisha kila moja kijumbani mwake
kama mtu anayelaza watoto wasio wake.
Asubuhi ikatoka mizani isiyo na mwenyewe.

Alisoma akiwa amesimama. Akakunja. Akaenda.
Mwanamke aliyewahi kumwagia mhasibu chupa ya wino
hakunipa hata tusi moja la kunisindikiza nyumbani.

Miaka kumi na mmoja.
Tulisikia yuko Gangilonga, chumba cha uani,
anadaiwa mkaa, anadaiwa kodi,
amegombana na padri, na chama, na dada zake wote wawili.
Tulisikia anaandika riwaya.
Panya walikula sura ya tano; akaiandika upya,
akasema panya walikuwa na haki, ilikuwa mbovu.
Wachapishaji wa Dar walimjibu kwa adabu:
punguza viongozi, ongeza mapenzi.

Akarudi kwetu. Koti lile lile.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili
yumo mpanga herufi, mwenye vidole safi kuliko wote mjini,
anayekula jina la mtu usiku, herufi kwa herufi,
kwa chumvi, huku mkewe akidhani anatafuna karanga.
Nilimsoma kinyumenyume, kama tusomavyo sisi,
kwa hiyo niliufikia mwisho wangu kabla ya mwanzo.

Kibano kilikuwa pale pale, kando ya taa.

Nilipanga yote. Chumvi nikaiweka. Karanga nikaziweka.
Nikafunga fremu, nikapaka wino,
nikavuta karatasi ya kwanza, ile ya Mgololo,
inayonuka misindano ya mti bado,
nikaianika mbele ya dirisha, nikamwita.

Alisoma akiwa amesimama. Muda mrefu.
Mvua ilianza, ikaacha.
"Mstari wa ishirini," akasema, "'chumvi' haina M mbili."
"Ulisema hata nukta nisiiguse."

Akakohoa, au alicheka, kwake vilikuwa ndugu.
Kisha akatoa sigara akanipa,
mimi nisiyevuta,
akaniwashia.