Kofia ya Sufu

Jumatano na Jumamosi, saa kumi za alasiri,
majumba ya Mtemani, ghorofa ya pili,
mlango wenye pazia la buluu lisilofika chini:
hapo Bi Shuwena, mkunga aliyestaafu
ila mikono yake haijapewa barua,
hutuketisha mkekani, matumbo sita
na ndimu moja iliyokatwa, kwa anayechefuka.
Hakutumwa na hospitali, hakutumwa na mradi.
Ada ni elfu mbili. Asiye nazo alete mayai.

"Miye nimezaa saba," kasema mama mkwe
akichambua karafuu, bila kuinua macho,
"n'lifunzwa na nani? Mtoto anaijua njia.
Sasa hata kupumua kuna skuli?"

Kupumua kuna skuli.
Pumzi ya kwanza ndefu, kama unapoza uji wa mgonjwa.
Ya pili fupi fupi, kama aliyeungua ulimi.
Mwanaiki hucheka kila tukifika hapo
na Bi Shuwena humwacha. Kicheko nacho ni pumzi,
ukizaa ukicheka utakuwa wa kwanza Wete.

Njia tumepimiwa kwa vyombo vya jikoni:
kisoda, kisha mdomo wa kikombe cha kahawa,
mwisho bakuli dogo la mchuzi.
"Na baina ya kikombe na bakuli
ndipo utakapomtukana mumeo. Mtukane.
Mimi sisikii, nina miaka thelathini sisikii."

Nilimuuliza kwa nini tukauita uchungu.
Akanimiminia kahawa, akanipa bila tende.
"Hii nayo chungu," akasema,
"na watu huamka alfajiri kuifuata."

Jumamosi ya tano mama mkwe akaja.
Hakubisha. Kakaa karibu na viatu,
mkoba magotini, kama aliyekuja kudai.
Ilikuwa siku ya mwanasesere,
jicho moja, nywele zimenyonyoka,
na kofia ya sufu iliyokatwa utosini:
hiyo ndiyo shingo ya uzazi, mtoto apite hapo.
Bi Shuwena kasukuma, kichwa kikakwama,
na sauti kutoka kwenye viatu ikasema:
"Sivyo. Mgeuze. Uso utazame mgongoni mwa mamake."

Akainuka, akaishika kofia mwenyewe,
vidole gumba vyeusi kwa utomvu wa karafuu,
akamgeuza yule wa plastiki taratibu, taratibu,
akatoka.
Tukapiga makofi. Yeye hakutabasamu.
Alikuwa bado amemshika kwa miguu.

"Na aliyekuja hivi," akasema. "Wa tatu.
Ningekaa vipi?"

Feni ikazunguka. Chini mtu alikuwa akinadi mkate wa ufuta.
Saba nawajua kwa majina,
na wa tatu ni Haidar, fundi wa friji, yuko Mkoani, mzima.
Nikahesabu tena, kwa vidole, ndani ya buibui.

Bi Shuwena hakusema ni kudra, ingawa ni kudra.
Hakumpa pole mbele yetu.
Alitandika kanga upya, akapiga magoti,
akaweka viganja sakafuni, kiuno juu.
"Hivi," akasema. "Na mtu wa kukushika hapa. Na hapa."
Na mama mkwe, mwenye miaka sitini na tisa,
akavua miwani, akanipa mimi niishike,
akapiga magoti kando yake,
akajifunza.

Usiku umeme umekatika, nafanya zoezi kitandani.
Ndefu. Ndefu. Fupi fupi.
Nyuma ya ukuta kuna mtu anakosea hesabu,
anaanza tena.