Ukingo wa Barafu

Tartu, Februari. Hilve anapanga shairi
herufi moja moja, za risasi, kinyumenyume,
kama mtu anayesoma kwenye kioo.
Endel kaliandika kwa penseli,
mishororo mirefu isiyojali pambizo.
"Huu nikiukata hapa," Hilve anauliza kwenye simu,
"pumzi itatosha?"
"Kata. Yeye naye hakumaliza sentensi."

Neno lao la ukingo wa barafu
lina a nne mfululizo, kila moja na nukta mbili kichwani,
na Endel kalirudia mara tisa,
maana ndiko nduguye alikoonekana mwisho.
Ubeti wa tatu, kisanduku kitupu.
Hilve anapapasa pembeni: vumbi, na koma moja.

Angeweza kusubiri Jumatatu, aazime.
Anachukua vipande visivyo na sura,
vile vya kushika nafasi tu, visivyofikiwa na wino,
anavipanga vinne, anakaza, anavuta mtambo.

Karatasi inatoka na tundu jeupe:

j                    r

Endel anapoliona
anaweka kidole pale,
anakiondoa upesi,
kama aliyegusa maji.