Kipimo cha Kiti

Kazi yangu ni viti.
Namwaga gundi na punje za povu ndani ya mfuko,
dereva anakalia, kifua wazi, kashika usukani wa uongo,
na kwa dakika ishirini hapumui ovyo
mpaka povu lipate moto, ligande, limjue.
Hapa Faenza hata padri
hajui siri za migongo kunishinda mimi.

Mgongo wa Elvio Morandin naujua.
Bega la kushoto limeshuka upana wa kidole:
alianguka na baiskeli ana miaka tisa.
Bega hilo nimelichongea nafasi miaka kumi na moja.

Jumapili alitwaa ubingwa.
Jumatatu tulikunywa.
Ijumaa alisimama karakanani, kofia kwapani,
akasema, "Basi."
Tulidhani anamwambia Ornella, aliyekuwa akimmiminia kahawa.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Huyu hakungojwa. Alishuka mwenyewe,
akaufunga mlango polepole
kama mtu aliyemwacha mtoto amelala.

Kisha simu.
Sikujua dunia ina madereva wengi hivyo,
na wote, Ijumaa ile ile, wametupenda tangu utotoni.
Mama Fosca, mwenye timu,
alizitia simu tatu kwenye droo ya spana
zikatetemeka humo kama panzi.

Wa kwanza aliletwa usiku, mlango wa nyuma,
maana alikuwa bado na mkataba wa watu:
Thygesen, Mdenmarki, na mwanasheria wake.
Mgongo umenyooka kama rula.
Povu halikupata cha kukumbuka.
Aliuliza maswali manne, yote ya fedha,
wala simlaumu. Mfupa una bei.

Wa pili, Mirco, miaka kumi na tisa,
alikuja kwa treni na mama yake
na mkate uliofungwa kwa kitambaa cha jikoni.
Alitetemeka hata punje zikahama chini yake.
Nikamwaga upya.
Kile cha kwanza sikukitupa:
woga wake wote umeganda mle, mzima,
unaweza kuupapasa kwa kiganja.

Wa tatu hakuitwa.
Gherardo, dereva wetu wa majaribio,
miaka sita anaendesha usiku gari lisilosonga,
mbele ya skrini, akiisaka sehemu ya kumi ya sekunde
ili mwingine aivae Jumapili.
Ndiye aliyenishikia mfuko Thygesen alipoketi.
Ndiye aliyempa Mirco maji.
"Kipimo chako ninacho," nilimwambia.
"Najua," akasema,
akaendelea kufagia punje.

Mama Fosca alikizunguka kiti kitupu mara mbili.
"Wewe umewagusa. Nani?"
Mimi na mwendo wapi na wapi? Lakini nikajibu:
"Mmoja mgongo wake hauna habari.
Mmoja una habari nyingi mno.
Mmoja..."
Nikakomea hapo, kwa kuwa huyo wa tatu
alikuwa mlangoni na ufagio.

Januari ikaja karatasi, mstari mmoja:
*Kiti: Thygesen.*
Wadhamini walikuwa wamepiga simu
ile ambayo haikutiwa kwenye droo.
Gherardo aliisoma akiwa amesimama.
"Nyonga zake pana, usisahau," akasema,
akapanda juu kuwasha skrini.

Februari Elvio alifuata kiti chake cha kale,
chupa ya mafuta ya zeituni mkononi.
"Nani?" Nikamwambia.
"Na Gherardo?"
Mashine ilikuwa ikinguruma juu ya dari,
ikamjibu yenyewe.

Akaketi. Hakuingia.
Wiki kumi za mkate na usingizi.
Alisukuma kiuno, akacheka,
akasukuma tena, bila kucheka.
Bega la kushoto peke yake
ndilo lililopata mahali pake.