Swali la Basi

Nilikwenda kuuliza habari ya basi tu.
Basi la Alhamisi, lililopita saa mbili asubuhi
kutupeleka hospitali, kisha likaondolewa
bila hata kibao cha pole pale kituoni.
Swali nililiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
kwa herufi kubwa, macho yasije yakaniaibisha.

Ukumbi wa parokia, Novemba, mvua ya Tipperary
ile isiyonyesha bali inakaa tu, kama mgeni asiyeaga.
Makoti yanafuka. Birika la chai linaguna pembeni.
Wagombea watano mezani, glasi tano za maji,
na Dympna Hackett wa maktaba ndiye mwenye kengele:
dakika mbili kila mtu, awe na hoja asiwe nayo.

Colm Tuohy alikuwa kwenye mitaro.
Mitaro ni yake tangu nimjue:
kila uchaguzi anaizibua, kila kiangazi inaziba.
Ndipo waliposimama.

Sikuwa nimewatambua kuwa ni kundi.
Kijana wa duka la dawa. Mwalimu wa fidla.
Dada wawili wa kina Quirke, wenye miwani inayofanana.
Kila mmoja akachomoa mfukoni kamba ya mbwa,
kola mwishoni, na ndani ya kola hamna shingo.
Tisa. Nilizihesabu; ndiyo tabia yangu, kuhesabu.

Hawakupiga kelele. Kelele tulipiga sisi.
"Kaeni chini!" "Rudini Dublin!" (hakuna hata mmoja aliyetoka Dublin.)
Dympna alitikisa kengele mpaka ulimi wake ukachomoka,
ukabingirika chini ya viti, ukapotelea kwenye viatu,
naye akaendelea kuitikisa, bubu, mkono juu.

Mzee Lonergan, mwenye mbwa sita wa mbio bandani,
alisimama kwa mkongojo wake akasema, sauti ikimtetemeka,
kwamba hela ya mbio ndiyo iliyoezeka paa hili
mnalojikinga nalo mvua mkiwa mnanitukana.
Ni kweli. Hilo nalo ni kweli.
Mke wake alimvuta koti kwa nyuma, taratibu, akakaa.

Kisha yule binti mdogo wa Quirke akaanza kusoma majina.
Si yale ya uwanjani, marefu, yenye mbwembwe.
Majina ya jikoni.
Biskuti, miaka mitatu.
Mvivu, miwili na nusu.
Bibi Harusi, mitatu.
Soksi,

na baada ya Soksi sikusikia tena.

Soksi wa kwetu alivunjika mguu kona ya pili,
mwaka niliotimiza miaka tisa. Jioni baba akatoka naye
kuelekea machimbo ya mawe, wakichechemea wote wawili,
maana baba naye alikuwa na goti bovu.
Akarudi na kamba. Akaitundika nyuma ya mlango,
akanawa mikono, akala viazi vyake.
Hakuna aliyeuliza. Mama aliongeza chumvi.

Sajini aliingia, kofia kwapani, akawaita mmoja mmoja
kwa majina yao, kama anayewaamsha watoto.
Wakatoka. Kamba wakaziacha juu ya viti
na hakuna aliyetaka kukalia viti vile
ingawa nyuma watu walikuwa wamesimama.

Tuohy akarudi mitaroni.

Mwisho Dympna akanitazama: swali moja, la mwisho.
Nikainuka. Bahasha ilikuwa imelowa jasho,
herufi kubwa zimevimba. Ukumbi ukanisubiri.
Nikauliza habari ya basi.
Litaangaliwa, wakasema, wote watano,
mara ya kwanza usiku ule kukubaliana.

Nyumbani, lango la banda la kuku hufungwa kwa kamba ile.
Nilisimama gizani nikijaribu kulifungua fundo,
kwa kucha, halafu kwa meno.
Limekaa miaka mingi mno.
Hata sijui, lingefunguka, ningeipeleka wapi.