Sketi Nyeusi

Nimevaa sketi nyeusi mwaka wa pili sasa.
Sina msiba.
Nyeusi haisemi ikilowa.

Kutoka Mbagala hadi Kariakoo navijua vyoo vyote:
cha mia mbili, cha mia tatu,
kile cha nyuma ya msikiti ambacho mlinzi hakubali wala hakatazi,
kile cha stendi chenye ndoo isiyo na kata.
Wengine wanalijua jiji kwa barabara zake.

Darasani, la Tano B, wananiita Mwalimu Chuma
kwa kuwa sicheki.
Wangejua.
Kicheko kwangu ni mlango usio na komeo,
na chafya ni mgeni asiyepiga hodi.

Mionzi iliumaliza uvimbe. Nashukuru.
Nasema nashukuru kila siku,
maana ukipona saratani ya mlango wa kizazi
watu wanakudai shukrani tu,
hawataki habari za kanga iliyokunjwa mara nne
chini yako, kwenye kochi jipya la shemeji.
Daktari aliuliza: damu? Hakuna. Maumivu? Kiasi.
Akageuza karatasi.

Siwatu ndiye aliyeuliza jingine.
Chumba chake kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya magongo;
pazia la kijani, feni inayokwaruza,
na nyonga ya plastiki mezani
aliyoifunika kitambaa cha kufuma kama birika la chai.
Faili langu hakulifungua.
"Mwalimu, unacheka?"

Nikatazama feni. Nikahesabu mapanga yake matatu
mara nyingi sana.

Alipoona nimemaliza kulia akafunua nyonga.
"Hapa chini pana sakafu, na sakafu hii si mfupa.
Ni misuli, imesukwa kama kitanda cha kamba.
Zako nyingine zimelegea,
nyingine mionzi imezikaza mpaka zimesahau kazi.
Tutaanza na kuachia. Kubana baadaye."

Nikamkumbuka somo yangu, Bi Mwanaidi Pazi,
chumba cha ndani kule Kisarawe, dirisha limezibwa gunia,
akinifundisha msuli huuhuu kwa mafumbo na vibao vya mgongo.
Yeye alinifundisha kwa ajili ya mume.
Siwatu ananifundisha bila fumbo,
kwa ajili ya mafua.

Vuta pumzi, tumbo lijae. Achia.
Sasa pandisha, taratibu, kama unaokota punje ya mchele
kwa ndani. Moja, mbili. Usibane taya.
Usibane matako, mwalimu, hayakuitwa.
Tatu, nne.
Mimi ninayefundisha sehemu na desimali
niliishiwa nguvu kwenye tatu.

Kitanda cha pili, Mama Tumsifu,
titi la kushoto hana, mkono umevimba,
umefungwa bandeji tabaka kwa tabaka.
Vidole vyake vinaupanda ukuta kama mjusi mzee,
vinafika, vinatetemeka, na Siwatu anachora mstari kwa penseli
na tarehe pembeni,
kama tunavyowapima watoto kwenye fremu ya mlango.
Simwulizi anaenda wapi. Ananiambia mwenyewe:
"Kamba ya kuanikia nguo, basi. Nimechoka kuanikiwa
na mke wa mwanangu."

Wiki nenda, wiki rudi. Wiki ya tisa nilirudi nyuma,
nikalowa kwenye foleni ya benki,
nikamchukia Siwatu na kitambaa chake cha kufuma.
Ya kumi nikaenda.

Juzi nikamwuliza Kibwana, dawati la nyuma,
nusu ya nane ni ngapi.
"Inategemea, mwalimu. Ukiikata kiunoni,
ni sifuri mbili."

Darasa zima kimya, wanamsubiria Chuma.
Nikabana kwanza, kama nilivyofundishwa,
ndipo nikacheka,
nikacheka nikashika ubao, chaki ikavunjika,
na wao, kwa hofu kidogo, wakafuata.

Tone moja. Labda mawili.
Sketi bado ni nyeusi.
Ya bluu iko kwa fundi Tandika,
anasubiri nikampe urefu.