Pete ya Kijani

Tartu, mwezi wa Januari. Saa kumi alasiri
jua limekwisha kukunja jamvi lake,
ukungu umelala juu ya mto,
na ukungu mwingine umelala ndani,
kwenye visahani arobaini vya kioo,
katika chumba kisicho na dirisha
ambacho funguo zake ninazo mimi.

Wa nje hufunika. Wa ndani hutanda,
nyuzi juu ya nyuzi, nyeupe kama pamba iliyochambuliwa,
unakula, unatambaa, hauzai.
Hauna haja. Gizani chakula kipo,
na asiyeona mwisho haandiki wosia.

Tunaingia na taa nyekundu
kwani nyekundu hauioni; kwake ni usiku tu.
Buluu ndiyo inayoubishia hodi.
Buluu kidogo, ya kupepesa jicho,
nao hujua: juu kuna hewa, kuna upepo,
kuna pa kupeleka watoto.

Jumatatu Profesa Urve aliviinua visahani,
kimoja, kingine, kingine.
Kila kimoja kilivaa pete,
pete nyembamba ya spora, kijani kibichi,
pale hasa ukingo ulipokuwa umefika
Ijumaa usiku. Si ndani ya hapo, si nje.

"Nani alifungua mlango?"
Akamtazama Leida, mwenye ndoo na fagio,
naye Leida akatazama viatu vyake
kama mtu aliyezoea.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya Ijumaa ile waliijua arobaini,
na wote walikuwa wameiandika kwa mwandiko mmoja.

Ni mimi, nilisema.
Simu ilitetemeka mfukoni. Kaka yangu Kaarel, kutoka kisiwani:
Amezaliwa. Kilo tatu na robo. Ana nywele!
Nilisoma mara mbili. Labda tatu.
Uso wangu wote ulikuwa buluu,
wala sikukumbuka kwamba chumbani mlikuwa na wengine
waliokuwa wakingoja habari.

Profesa hakucheka. Aliandika daftarini: virudiwe.
Leida alibeba ndoo yake. Alipofika mlangoni akageuka:
"Wa kike?"
Wa kike, nikamwambia. Jina bado.

Visahani thelathini na tisa vilichemshwa vikatupwa.
Kimoja ninacho kwenye droo, nimekizungushia utepe.
Kijani chake kimeanza kuwa vumbi.
Nikikitikisa, kinapanda kidogo kuelekea kifuniko,
kinatafuta njia.