Mikono Mfukoni

Jumanne ni zamu yangu.
Saa moja asubuhi, Umeå bado giza totoro,
nakung'uta theluji kizingitini, nawasha jiko,
natundika kofia kwenye kigingi cha chini
chenye picha ya kobe, maana vya wakubwa vimejaa.
Chekechea hii ni yetu wenyewe, wazazi kumi na wanne:
tunapika, tunadeki, tunazibua sinki,
na mwalimu wa kuajiriwa ni mmoja tu, Gunvor,
mwenye sauti ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Nilidhani nimekuja kusaidia.

Mimi fundi wa lifti. Riziki yangu ni mlango
ufunguke upesi, watu wasigune.
Basi Majken alipokaa sakafuni na ovaroli yake,
ulimi nje, zipu imeuma kitambaa,
nilikwisha piga goti, vidole vimeshashika.
Gunvor akasema, bila kunitazama:
"Mikono mfukoni, Sixten."
Nikadhani anatania.
"Mfukoni. Yote miwili."

Huujui urefu wa dakika
mpaka umsimamie mwanao na zipu.
Akavuta. Ikakwama. Akaitukana kwa tusi langu,
lile la kazini, na lafudhi yangu vilevile.
Wenzake wakatoka, mlango ukabamizwa,
vicheko vyao vikahamia upande wa pili wa kioo.
Mfukoni nilizishika funguo, risiti,
parafujo moja isiyo na kwao.
Dakika kumi na moja. Kisha srrr, hadi kidevuni.
Hakunishukuru. Kwa lipi?

Alhamisi ya kwanza ya mwezi twakutana usiku,
tumekalia viti vya watoto, magoti masikioni,
kahawa kwenye vikombe vya plastiki vyenye alama za meno.
Ajenda: bomba linalovuja, bili ya umeme, Alvar anayeng'ata.
Letebrhan akasema, huku akikunja na kukunjua kitambaa,
kwamba juzi alimfokea mwanawe mpaka mtoto akaziba masikio,
na sauti ile aliitambua: haikuwa yake,
ilikuwa ya shangazi yake, marehemu.
Hakuna aliyetoa ushauri.
Gunvor alimwongezea kahawa.
Mimi nilimwona baba, miaka thelathini na mitano nyuma,
ananuka mbao mbichi za kiwandani,
ananinyanyua kwa ukosi wa koti: "Haraka! Haraka!"
Hakuwa mkatili. Alikuwa na basi la saa kumi na mbili.

Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo
hawakututaja sisi
tunaolelewa ukubwani, kwa zamu za Jumanne.

Nimejifunza machache. Kutouliza "Nani kaanza?"
Kusema nionacho: "Naona ndoo moja. Naona mikono minne."
Halafu kunyamaza, ndilo gumu,
wafikie mapatano yao ya ajabu
(ndoo ilikuwa ya aliyefumba macho muda mrefu zaidi).
Nimejifunza, na Jumatano nikasahau:
nimechelewa, nikambeba Majken kwapani kama zulia,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi mwangu,
analia barabara nzima.
Jioni nikamwambia nimekosa.
Akasema, "Ndiyo," akaendelea kula.

Desemba jua huzama kabla ya saa nane mchana.
Jumapili tulimfuata babu yake tutembee kungali na mwanga.
Siku hizi mikono yake hutetemeka.
Akaanza na kifungo cha juu, kikamponyoka. Akaanza tena.
Nilikwisha inua mkono.
Majken akanivuta koti, akanong'ona:
"Mfukoni, baba."

Tukasimama wote wawili, jasho ndani ya sufu,
dirishani weupe ukigeuka kijivu.
Alipomaliza, kifungo cha pili kilikuwa tundu la tatu.
Tukatoka hivyo hivyo.